Uchambuzi wa kisa: Wakili, kauntabuku za baba yake na mteja ambaye hakuulizwa

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu wakili wa Tanzania Bara, binti wa aliyekuwa mkuu wa mkoa na baadaye waziri katika enzi ya chama kimoja, ambaye aliandika kitabu kuhusu maisha yake na ya baba yake. Majina, mkoa, wilaya, tarehe za mambo ya kifamilia na vitu vidogo vidogo vimeondolewa au kubadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mteja wake wa zamani, ambaye ana nafasi kubwa katika kisa, ameridhia kwa maandishi kwamba habari zake zitumike kufundishia kwa sharti la kutotambulishwa, na bila ridhaa hiyo karibu nusu ya maelezo yafuatayo isingeandikwa. Mhusika mkuu ataitwa Wakili, baba yake Mzee, na mteja huyo Mteja.

Kimeandikwa kwa ajili ya mawakili vijana na kwa yeyote anayekusudia kuandika juu ya mzazi aliyewahi kushika madaraka.

## Usuli

Wakili alizaliwa miaka michache kabla ya Azimio la Arusha la 1967 na kukulia katika nyumba za serikali za miji kadhaa, kwa kuwa Mzee alikuwa akihamishwa mara kwa mara. Siasa ilikuwa kazi ya ukoo: baba mdogo alikaa bungeni vipindi viwili, shangazi aliongoza akina mama wa chama wilayani, na kaka mkubwa aliingia udiwani akiwa bado kijana. Wakili peke yake ndiye aliyechagua sheria. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaapishwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na kuanza kazi chini ya wakili mwandamizi katika ofisi ndogo ya mawakili.

Kisa hakieleweki bila kukumbuka uzito wa cheo cha Mzee. Baada ya mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, mkuu wa mkoa alikuwa mkono wa serikali kuu na papo hapo katibu wa TANU wa mkoa, hivyo amri ya chama na amri ya serikali zilitoka kwenye meza moja. Mnamo Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia. Mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine walihamishwa kwa mikutano na malori. Mahali pengine mapaa yaling'olewa au nyumba zikachomwa moto ili wenyewe wasipate pa kurudi. Mzee alikuwa mkuu wa mmoja wa mikoa yenye matukio hayo.

Haki za binadamu zilipoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, watu waliopoteza mashamba yao wakati wa uhamishaji huo, ulioitwa Operesheni Vijiji, walianza kuyadai. Bunge lilijibu kwa sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa wakati ule na kuwazuia wadai wasiende mahakamani. Desemba 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba. Baadhi ya vifungu vya sheria ile vikaanguka. Mteja alifika ofisini kwa Wakili kabla ya uamuzi huo, wakati kila wakili wa masuala ya ardhi alikuwa akipapasa gizani.

## Mfuatano wa matukio

Mteja alitaka kurudishiwa shamba la ukoo wake. Wakili, akiwa mdogo kuliko wote ofisini, alipewa kazi ya kuandika maelezo yake. Siku ya pili ya mahojiano Mteja alieleza asubuhi ambayo malori yalifika, akataja Land Rover iliyosimama chini ya mwembe, na akataja cheo cha aliyeshuka humo. Wakili alitambua kwamba anaandika habari za baba yake. Kesho yake alimweleza wakili mwandamizi, naye akamwondoa kwenye jalada saa ileile na kumpa wakili mwingine. Mteja aliambiwa tu kwamba kuna mabadiliko ya kiofisi. Mwaka uliofuata, kwa ushauri wa wakili mpya aliyeihofia sheria ya 1992, shauri liliondolewa mahakamani, na halikufunguliwa tena hata baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani.

Miaka ikapita. Mzee alifariki, na mahakama ikamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi. Akawasilisha orodha ya mali, kisha hesabu ya mwisho, na mirathi ikafungwa. Orodha ilikuwa na nyumba mbili, shamba, gari na fedha za benki. Haikutaja tranka la chuma lililokuwa chini ya kitanda cha Mzee, pengine kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba karatasi ni mali. Mama ndiye aliyelifungua mbele ya Wakili: ndani mlikuwa na kauntabuku kumi na nne ambazo Mzee alizitumia kama shajara, mafungu ya barua, na mafaili ya serikali, mengine yakiwa na muhuri wa SIRI.

Katika kauntabuku ya 1974 Wakili alikuta siku ileile. Ukurasa una mistari sita: idadi ya kaya, majina ya madereva wawili, lita za dizeli zilizochukuliwa kwenye stoo ya ujenzi, mvua iliyokwamisha lori la pili, neno mapaa lililopigiwa mstari, na mwisho kumbusho la kununua dawa ya kifua kwa mtoto aliyebaki nyumbani. Mtoto huyo alikuwa yeye.

Aliamua kuandika kitabu. Rasimu ya kwanza ilipokaribia kukamilika, kaka mkubwa alitangaza kwamba anagombea ubunge na kuomba kitabu kisitoke mpaka Uchaguzi Mkuu upite. Wakili alikubali. Katika miezi hiyo ya kusubiri Mama, shahidi pekee wa ndani ya nyumba aliyekuwa amebaki hai, alifariki kabla hajasomewa sura ya Operesheni. Kaka alishindwa katika kura za maoni za chama. Kitabu kilichapishwa mwaka uliofuata.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mafaili ya SIRI, na ndio uliokuwa rahisi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inaweka kipindi cha miaka 30 kabla ya kumbukumbu za umma kufunguliwa kwa wasomaji, na familia ilidhani kwamba kwa kuwa muda huo umepita basi mafaili ni yao. Sivyo. Kupita kwa muda kunahusu ruhusa ya kusoma. Umiliki unabaki kwa serikali, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haimwachii mtu binafsi kuamua kwamba siri imeisha. Wakili aliyakabidhi mafaili yote kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, akachukua stakabadhi, kisha akaomba kuyasoma kama mtafiti mwingine yeyote. Alipata sehemu, akakosa sehemu, akaandika kwa kutumia alichopata.

Uamuzi wa pili ulihusu haki ya kuchapisha kauntabuku na barua. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hakimiliki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo shajara za Mzee zilikuwa mali ya warithi wote kwa pamoja, si ya aliyelikuta tranka. Barua alizoandikiwa Mzee zilikuwa na hali tofauti: karatasi ni za aliyepokea, lakini haki ya kuchapisha maneno yaliyomo ni ya aliyeandika na warithi wake. Wakili aliacha kunukuu barua za watu wengine akabaki kueleza yaliyomo kwa maneno yake, na kwa shajara aliandaa mkataba wa ruhusa uliosainiwa na Mama na watoto wote. Kwa kumheshimu baba mdogo alimpelekea mkataba na rasimu nzima ya kitabu, ingawa usimamizi wake ulikuwa umekwisha kisheria. Baba mdogo aliongeza kifungu kimoja: mrithi yeyote aweze kuzuia habari yoyote inayogusa mali ya urithi.

Kifungu hicho kilitumika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Moja ya nyumba mbili zilizo kwenye orodha ya mirathi ilikuwa ikipangishwa tangu miaka ya sabini, ikiwa imeandikwa jina la ndugu wa Mama. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na ilimhesabu mke pamoja na mume. Masharti hayo hayakulegezwa mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Rasimu ilikuwa na aya moja kuhusu nyumba hiyo. Kaka aliipinga kwa kutumia kifungu, na Wakili akaiondoa ili mkataba usivunjike.

Uamuzi wa tatu ulimhusu aliyekuwa mkuu wa wilaya siku ile, ambaye alikuwa bado hai. Shajara ilimtaja kuwa ndiye aliyetoa amri ya kung'oa mapaa. Wakili alijua kwamba kuficha jina kusingemkinga mtu wala kitabu, kwa sababu wilaya moja katika mwaka mmoja huwa na mkuu mmoja, na yeyote mwenye kumbukumbu angemjua. Badala yake alimpelekea ukurasa husika na kumwomba majibu. Mkuu huyo wa zamani alijibu kwa barua ya kurasa tatu akisema alipokea amri hiyo kwa simu kutoka mkoani. Kitabu kimeweka kauli zote mbili bila kumpa ushindi yeyote, yaani mwandishi amekubali kuandika kwamba huenda aliyeamuru ni baba yake.

Uamuzi wa nne ulihusu maelezo ya Mteja. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamzuia wakili kufichua mawasiliano aliyopewa kwa ajili ya kazi yake bila ridhaa ya wazi ya mteja, na wajibu huo hauishi kazi inapoisha. Wakili alijiwekea utaratibu ufuatao: alifungua daftari la vyanzo, na kila sentensi ya sura ile yenye madai ya ukweli iliandikwa pembeni pamoja na mahali ilikotoka. Sentensi ambayo chanzo chake pekee ni Mteja ilifutwa. Hakuomba kuliona jalada la zamani. Vilevile hakumwomba Mteja ridhaa, kwa hoja kwamba ombi kutoka kwa binti wa Mzee lingekuwa mzigo mwingine juu ya mtu ambaye amebebeshwa mingi.

## Matokeo

Kitabu kilipokelewa vizuri na wasomaji wa historia, na hakuna aliyefungua shauri la kashfa. Aliyekuwa mkuu wa wilaya alinunua nakala kadhaa. Baba mdogo alikaa mwaka mzima bila kuzungumza na Wakili, kisha wakapatanishwa msibani.

Siku ya uzinduzi mwanamume mmoja alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa mtoto wa Mteja. Alisema kijiji kilichoelezwa katika sura ya tano anakijua, akauliza ni nani kati ya waliohamishwa aliyeulizwa kabla ya sura hiyo kuandikwa. Wakili alijibu kwamba hawezi kulizungumzia jambo hilo hadharani, jibu ambalo lilikuwa sahihi kisheria na ambalo ukumbi mzima ulilichukua kuwa ni dharau.

Baadaye alimwandikia Mteja kupitia wakili mwingine asiyehusika, ili mzee huyo awe na mtu wa kumshauri, na wakakutana. Ndipo Mteja alipojua, baada ya zaidi ya miaka ishirini, kwa nini binti aliyekuwa akiandika maelezo yake hakurudi tena. Kwa maelezo ya Wakili mwenyewe, jambo hilo lilimkasirisha kuliko Operesheni. Aliridhia kisa kitumike kufundishia. Hakuridhia maelezo yake yaingie katika toleo la pili, kwa sababu hakutaka habari za shamba la baba yake ziwe sura katika kitabu cha baba wa mtu mwingine. Yeye na wazee wenzake wamerekodi simulizi zao wenyewe na kuzihifadhi maktabani kwa majina yao.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni daftari la vyanzo, na thamani yake ilionekana katika jambo ambalo mwandishi asingeligundua bila daftari. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maelezo ya muhogo ulioanikwa kwenye mkeka, ambao lori liliukanyaga lilipogeuza. Wakili aliamini ameyatoa kwenye shajara. Alipotafuta ukurasa wa kuandika pembeni, hakuupata: muhogo ulitoka kinywani mwa Mteja, ukakaa kichwani mwake muda mrefu mpaka ukaonekana kama kumbukumbu yake. Siri ya wakili na mteja inalinda mawasiliano, haifuti ukweli unaojulikana kutoka kwingine, kwa hiyo kutumia shajara kulikuwa halali kabisa. Lakini akili haina kabati mbili. Anayetegemea uaminifu wake peke yake katika hali kama hii atavujisha siri bila kujua, na wakili wa upande wa pili atakuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kukabidhi mafaili na kumpa mkuu wa wilaya nafasi ya kujibu vilikuwa vitendo vya mtu anayeijua kazi yake, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba kitendo cha pili ndicho kilichokiokoa kitabu kisionekane cha kumtetea marehemu.

Mkataba wa warithi ndipo mambo yalipoharibika, na kosa lake ni la kisheria kabla ya kuwa la kifamilia. Hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa. Hailindi jambo lenyewe. Wakili alihitaji ruhusa ya warithi ili kunukuu shajara. Hakuihitaji hata kidogo ili kuandika kwamba nyumba fulani ilipangishwa katika miaka fulani, habari iliyokuwa kwenye nyaraka za umiliki na iliyojulikana na kila mpangaji. Kwa kukubali kifungu cha baba mdogo aliuza uhuru ambao sheria ilikuwa imempa bure. Alimwendea baba mdogo kama msimamizi, wakati usimamizi umeisha. Angemwendea kama mzee wa ukoo, kwa mazungumzo na bila karatasi, angepata baraka au lawama, na vyote viwili havifungi mikono ya mwandishi. Kusubiri uchaguzi kuna kasoro ya aina hiyohiyo. Halikuwa takwa la sheria wala la maadili ya uandishi, bali huruma kwa kaka, na gharama yake ilikuwa ushuhuda wa Mama.

Kuhusu Mteja, ni lazima kutenganisha makosa mawili. La kwanza ni la ofisi. Kumwondoa Wakili kwenye jalada kulikuwa sahihi na kulifanyika haraka inavyotakiwa. Kumficha Mteja sababu hakukuwa sahihi, kwa kuwa mgongano wa maslahi ni jambo ambalo mteja ana haki ya kulijua ili aamue mwenyewe kama abaki na ofisi hiyo au aende kwingine. Hakuna anayeweza kusema kwamba angeshinda. Inawezekana hata hivyo kusema kwamba mtu aliyejua kuwa wakili wake wa kwanza ni binti wa aliyekuwa mkuu wa mkoa angeupima kwa jicho jingine ushauri wa kuliondoa shauri mahakamani, hata kama ushauri huo ulitolewa kwa nia njema.

La pili ni la Wakili mwenyewe. Hoja yake kwamba kumwomba Mteja ridhaa kungemlemea ina sura ya upole, na wengi niliowasomea kisa hiki waliiafiki mwanzoni. Mimi siiafiki. Ridhaa chini ya kifungu cha 134 ni mali ya mteja, na mwenye mali ndiye anayeamua kama kuulizwa ni mzigo. Njia iliyotumika baadaye, ya kumwandikia kupitia wakili mwingine, ilikuwepo tangu mwanzo na ingemlinda vilevile. Ukitazama orodha ya walioulizwa kabla ya kitabu kutoka, utakuta warithi, baba mdogo, kaka mgombea na mkuu wa wilaya mstaafu: watu wote ambao wangeweza kumshitaki au kumsusia mwandishi. Waliohamishwa hawakuwa na hakimiliki katika shajara wala dai la kashfa, hivyo utaratibu uliojengwa kwa kufuata haki za kisheria haukuwa na mlango wa kuwaingiza. Ndiyo maana nyumba moja ya kupangisha ilipata ulinzi ambao kijiji kizima hakikuupata, bila mtu yeyote kukusudia.

Je, Wakili angeweza kuwatafuta waliohamishwa wengine, wasio wateja wake? Angeweza, na hakuna sheria iliyomzuia. Alieleza kwamba aliogopa wangemwongoza kwa Mteja, halafu asijue tena kipi alikisikia wapi. Hofu hiyo ni ya kweli, ila ilikuwa na dawa: mtafiti msaidizi asiyejua lolote kuhusu jalada la zamani angehoji watu na kuleta maandishi yenye chanzo chake, yakaingia kwenye daftari kama mengine.

Toleo la pili limeongezewa ukurasa unaosema kwamba wapo waliohamishwa ambao simulizi zao hazimo kitabuni kwa uamuzi wao wenyewe, na unaeleza mahali zinapopatikana. Aya ya nyumba haijarudi. Kaka anajiandaa kugombea tena, na hajakubali kukifuta kile kifungu katika mkataba.